Watu Watatu Walinithibitishia, na Bado Habari Ilikuwa ya Uongo

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili wa shahada ya uandishi wa habari katika chuo kimoja cha Tanzania Bara. Pia ni mhariri msaidizi wa jarida la wanafunzi, ambalo zamani lilichapishwa kwa karatasi mara moja kwa muhula na siku hizi linatoka mtandaoni wakati wowote habari inapopatikana. Nakuandikia kwa sababu nimefanya kosa lililowaumiza watu. Wenzangu wananiambia nisahau, lakini nitasahauje jambo ambalo hadi sasa sijaelewa nililikosea wapi?

Wiki tatu zilizopita, saa mbili usiku, ilisambaa katika makundi yetu ya WhatsApp picha ya barua yenye kichwa kisemacho "Taarifa kwa Umma". Ilikuwa na nembo, namba ya kumbukumbu, mhuri wa rangi ya bluu na sahihi, na ilieleza kwamba fedha za kujikimu, ambazo sisi wanafunzi tunaziita bumu, zisingelipwa hadi uhakiki wa majina ukamilike, na kwamba uhakiki huo ungechukua miezi miwili. Nilikumbuka tulivyofundishwa darasani kwamba habari isichapishwe mpaka ithibitishwe na vyanzo visivyopungua viwili, nami nikatafuta vitatu. Nilimpigia kiongozi wa darasa letu, akasema ni kweli. Nilimwandikia rafiki yangu anayesoma chuo kingine, katika mkoa mwingine kabisa, akasema hata kwao imefika. Mwisho nilimpigia karani wa ofisi ya fedha ya chuo, ambaye tunasali naye kanisa moja, akanijibu, "Hata mimi nimeiona, mdogo wangu." Ilipofika saa mbili na nusu habari ilikuwa imeshachapishwa, ikiwa na jina langu.

Barua ile ilikuwa ya kughushi. Kesho yake asubuhi taasisi iliyotajwa iliikanusha, na bumu likaingia kwa tarehe yake. Lakini usiku uleule watu walikuwa wameshaamua mambo yao: wapo waliokopa kwa riba, yupo aliyeuza kompyuta mpakato yake kwa bei ya kutupa, na binti mmoja wa mwaka wa kwanza, ambaye chumba chake hosteli kinatazamana na changu, alipanda basi alfajiri kurudi kwao Kasulu, kwa kuwa alijua hana namna ya kula kwa miezi miwili. Alikosa majaribio mawili. Sasa amerudi, ila tukikutana kwenye korido anainamisha macho, na mimi nainamisha yangu.

Mhariri wetu mkuu aliifuta habari ile kimyakimya na kutuagiza tusiizungumzie tena, kwa hoja kwamba jarida lingedharaulika. Mhadhiri aliniambia tu kwamba nilipaswa kuwa makini zaidi, jambo ambalo sikatai, ila sijui umakini huo unafanywaje. Tangu hapo nimekuwa mwoga. Wiki iliyopita nilitumiwa video ya basi likisombwa na maji, nikaambiwa ni kwenye daraja la huku kwetu, na sikujua hata nianzie wapi; nikaiacha, huku kurasa nyingine zikiichapisha. Mwenzangu mmoja ananishauri niwe naiuliza programu ya akili mnemba kama habari ni ya kweli au la. Naomba unieleze, mama: nilikosea wapi, nitathibitishaje habari kwa muda mfupi nilio nao, na je, nijiuzulu?

Mwanafunzi wa mwaka wa pili

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikuwa na kalamu mkononi, nikipigia mstari maneno ya watu wale watatu. Kiongozi wa darasa alisema ni kweli. Rafiki yako alisema hata kwao imefika. Karani alisema hata yeye ameiona. Yatazame maneno hayo kwa utulivu, na utaona kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyekuambia habari mpya. Wote watatu walikuwa wameshika simu na kuitazama picha uliyokuwa unaitazama wewe. Hukuwa na vyanzo vitatu. Ulikuwa na chanzo kimoja, tena kisichojulikana, kilichokufikia kwa njia nne. Kanuni ya vyanzo viwili uliyofundishwa ni kanuni njema, lakini ina sharti ambalo mara nyingi halitamkwi darasani: vyanzo hivyo visiwe vimechota kisima kimoja.

Swali ulilowauliza lilikuwa, bila shaka, "Je, ni kweli?" Swali hilo humfanya mtu akupe maoni yake, na mtu mwema hukupa maoni yake kwa moyo mmoja. Lingine ulilopaswa kuwauliza ni fupi zaidi: "Umejuaje?" Ungemuuliza hivyo karani, angekujibu kwamba ameiona kwenye kundi la wafanyakazi. Hapo ungemwomba akuambie nani ameiweka kwenye kundi hilo, na kama ofisi yake imepokea barua hiyo kwa njia ya kawaida ya kiofisi, yaani kwa barua pepe ya taasisi au kwa nakala iliyosajiliwa masijala. Kwa kuwa barua ilikuwa ya kughushi, jibu lingekuwa hapana, na hapana hiyo ingekuwa na uzito kuliko ndiyo zote tatu ulizokusanya usiku ule. Kuthibitisha habari ni kurudi nyuma, mtu kwa mtu, mpaka umfikie aliyeona kwa macho yake au aliyetia sahihi kwa mkono wake. Ukikwama njiani kabla ya kumfikia, bado hujathibitisha, hata kama umeongea na watu mia.

Watu wetu wana msemo kwamba lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Msemo huo una mahali pake barazani. Katika chumba cha habari umeshawaponza wengi, kwa sababu unaifanya idadi ya wasemaji ionekane kuwa ushahidi. WhatsApp yenyewe hukupa dalili ndogo: ujumbe uliokwisha kusambazwa kupitia mazungumzo matano au zaidi huwekewa alama ya mishale miwili. Ukiiona alama hiyo, ujue kwamba aliyekutumia yuko mbali sana na chimbuko, na kwamba kumhoji yeye kuhusu ukweli wa jambo ni kumwonea.

Usidhani kwamba tatizo hili ni la wanafunzi peke yao, au kwamba ukimpata kiongozi mwenye cheo basi kazi imekwisha. Tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka katika Ziwa Victoria karibu na uwanja wa ndege wa Bukoba ikiwa na watu 43. Taarifa za awali za siku ile, zilizotolewa na mamlaka kwa nia njema, zilisema watu 26 wameokolewa na kupelekwa hospitali. Baadaye idadi ya walionusurika ikatajwa kuwa 24, na waliofariki 19. Wawili waliozidi walikuwa kweli hospitalini, ila hawakuwa ndani ya ndege. Walihesabiwa pamoja na abiria katika mshtuko wa saa zile. Hakuna aliyedanganya. Lakini mwandishi aliyeandika "watu 26 wamenusurika" kana kwamba amewahesabu yeye, na mwandishi aliyeandika kwamba kwa mujibu wa kiongozi fulani, hadi saa fulani, watu 26 walikuwa wamefikishwa hospitali, walikuwa wamefanya kazi mbili tofauti kabisa, na ni huyu wa pili ambaye hakulazimika kuomba radhi. Kila namba unayoipokea iandike pamoja na mwenyewe na saa yake, kisha ifanyie hesabu. Ukitoa 26 katika 43 unabakiwa na 17. Taarifa ya vifo ikija na 19, ujue kuna watu wawili waliohesabiwa pasipo pao, nawe unapaswa kupiga simu tena.

Sasa tuirudie barua yako. Unaniambia ilikuwa na nembo, mhuri na sahihi, nami nakuomba kuanzia leo uvitazame vitu hivyo vitatu kama mapambo tu. Mtu mwenye simu ya kawaida anaweza kuchukua barua halali ya mwaka juzi, akafuta maneno ya katikati na kuandika yake, na nembo, mhuri na sahihi vikabaki vilevile. Makosa ya tahajia nayo hayatoshi kuwa ushahidi, maana nimewahi kupokea barua halali zilizojaa makosa, na za kughushi zilizoandikwa kwa Kiswahili sanifu kabisa. Kinachosaidia ni mambo yanayoweza kulinganishwa na kitu kilicho nje ya barua. Chukua tarehe iliyoandikwa uitazame kwenye kalenda: je, ni siku ya kazi? Chukua jina na cheo cha aliyetia sahihi: je, bado anashika nafasi hiyo? Chukua namba ya kumbukumbu uilinganishe na za barua nyingine za taasisi hiyohiyo ambazo una hakika nazo: je, zinafuata mpangilio mmoja? Halafu nenda kwenye tovuti ya taasisi kwa kuandika anwani yake wewe mwenyewe, wala si kwa kubonyeza kiungo kilichokuja pamoja na ujumbe, ukatazame sehemu ya matangazo. Ukitaka kupiga simu, usipige namba iliyoandikwa kwenye barua unayoitilia shaka, kwa sababu aliyeghushi barua hashindwi kuweka namba ya rafiki yake. Piga namba uliyoipata kwa njia nyingine.

Najua utaniuliza: saa mbili usiku nampata nani? Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu naamini ndipo kosa lako lilipoanzia, na lilianza miezi mingi kabla ya usiku ule. Jarida lenu linaandika habari za bumu kila muhula. Je, mna daftari lenye jina na namba ya afisa uhusiano wa taasisi inayohusika, ya msemaji wa chuo, ya afisa mikopo wa chuo, na ya rais wa serikali ya wanafunzi? Je, mmehifadhi nakala za matangazo halali ya miaka mitatu iliyopita, ili linapokuja jipya muweze kuliweka kando ya yale ya zamani? Je, kuna yeyote kati yenu anayefahamu utaratibu mzima wa malipo hayo, kuanzia wanafunzi wanaposaini hadi fedha zinapoingia benki, na ni nani mwenye mamlaka ya kuusitisha? Mtu anayeujua utaratibu huo angeshtuka mara moja kusikia kwamba umesimamishwa nchi nzima kwa miezi miwili huku chuo chake chenyewe hakijaandikiwa neno. Mwandishi anayeonekana hodari wa kuthibitisha kwa nusu saa huwa amefanya utafiti wake wakati hakuna habari yoyote inayowaka. Anzisha daftari hilo wiki hii, wala usiliweke kwenye simu yako peke yako. Libaki kuwa mali ya jarida hata baada yako kuhitimu.

Utafiti wa namna hiyo una msaada wa kisheria ambao waandishi wengi wanafunzi hawautumii. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayotumika Tanzania Bara, inampa raia haki ya kuomba taarifa kwa maandishi kutoka taasisi ya umma, na taasisi inatakiwa kujibu ndani ya siku zisizozidi 30. Siku hizo haziwezi kukufaa usiku wa tetesi, lakini zinakufaa sana kwa makala ya muhula mzima. Zipo pia taarifa za Mdhibiti na Mkuu wa Hesabu za Serikali, ambazo hutolewa hadharani kila mwaka, na yapo matokeo ya Sensa ya mwaka 2012 na ya 2022, ambayo yanakuwezesha kutambua kama idadi uliyotajiwa ya watu wa wilaya fulani inawezekana au haiwezekani. Mwandishi aliyezoea kusoma nyaraka hizi hupata sikio la kusikia namba isiyokaa sawa.

Kuhusu video ya basi, ulifanya vyema kuiacha, nami sikubali kwamba kurasa nyingine zimekushinda. Lakini ipo njia ya kuanzia. Kwanza muulize aliyekutumia swali lilelile: ameirekodi mwenyewe, au amepewa? Akisema ameirekodi, mwombe faili halisi, tena alitume kama hati, kwa sababu WhatsApp ikituma picha kwa njia ya kawaida huondoa taarifa zilizofichwa ndani yake kuhusu siku na mahali ilipopigwa. Akisema amepewa, simamisha video kwenye sehemu zinazoonekana vizuri, upige picha ya skrini, kisha uzitafute picha hizo kwa Google Lens na TinEye. Mara nyingi utakuta kwamba mafuriko ya leo yalishatokea miaka minne iliyopita katika bara jingine. Ila elewa vizuri mpaka wa zana hizi: zikikuonyesha picha ya zamani, umepata ushahidi, zisipokuonyesha kitu, hujapata ushahidi kwamba picha ni mpya. Pengine ni kwamba haikuwahi kuingizwa mahali zinapopekua.

Baada ya hapo tumia macho yako na ujuzi wako wa nchi hii, ambao hakuna programu inayokuzidi. Je, basi linakwenda upande gani wa barabara? Tanzania, Kenya na Uganda tunapita kushoto. Rwanda, Burundi na Kongo wanapita kulia. Namba ya gari inaanza na herufi gani, T ya kwetu au K ya Kenya? Maandishi ya ubavuni mwa basi yanasomeka sawa, au yamegeuka kinyumenyume kwa sababu mtu ameipindua video ili isitambulike? Watu wanapiga kelele kwa lugha gani, na kwa lafudhi ya wapi? Halafu lifuate daraja lenyewe. Kama unaambiwa ni la huku kwenu, nenda, au mtume mwenzako anayeishi karibu nalo apige picha akiwa amesimama upande uleule, mlinganishe kingo, nguzo na vilima vya nyuma.

Usidhani vilima ni jambo dogo. Mwezi Julai 2018 ilisambaa video ya askari wakiwaua wanawake wawili na watoto wawili, na serikali ya Kameruni ikaiita habari ya uongo. Wachunguzi wa BBC Africa Eye walichukua mstari wa milima inayoonekana kwa sekunde chache nyuma ya askari wale, wakaulinganisha na picha za setilaiti, wakapata mahali penyewe karibu na Zelevet, kaskazini ya mbali ya Kameruni. Kwa vivuli vya askari walipokuwa wakitembea, walivyovisoma kama mtu asomavyo saa ya jua, waliweza kusema kwamba tukio lilitokea kati ya tarehe 20 Machi na 5 Aprili 2015. Mwaka 2020 mahakama ya kijeshi ya nchi hiyo iliwatia hatiani baadhi ya askari hao. Kila nikiikumbuka kazi ile naona kwamba uthibitishaji una upande wa pili tunaousahau. Tunauzungumzia kila siku kama ngao dhidi ya uongo, na ni kweli, lakini ndio pia unaompa nguvu mwandishi wa kusema "hili limetokea" pale wenye mamlaka wanapotaka lionekane halikutokea.

Tahadhari za hali ya hewa nazo zina jambo moja la kuangalia, kwa kuwa ulipo mvua ni nyingi. Mwezi Mei 2024, Kimbunga Hidaya kilipokuwa kikikaribia pwani yetu, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ilitoa taarifa mfululizo, kila moja ikifuata mwendo wa kimbunga chenyewe. Taarifa halali ya asubuhi ikisambazwa usiku, wakati kimbunga kimeshapungua nguvu, inapotosha ingawa hakuna aliyeighushi. Kwa hiyo usiishie kuuliza kama waraka ni halali. Uliza pia kama bado unafanya kazi.

Akili mnemba nitaizungumzia kwa ufupi. Mwenzako anakushauri uiulize kama habari ni ya kweli, na mimi nakusihi usifanye hivyo, kwa sababu programu hizo hupanga maneno yanayofanana na jibu, na haziwezi kumpigia simu afisa mikopo. Mwaka 2023 mahakama moja ya New York iliwatoza mawakili faini ya dola 5,000 baada ya kuwasilisha hukumu za kesi ambazo hazijawahi kuwapo, zilizotungwa na ChatGPT. Nimesikia kwamba wakili mmoja aliiuliza programu hiyohiyo kama kesi zile ni za kweli, nayo ikamhakikishia kwamba ni za kweli, na sishangai, kwa maana hilo ndilo kosa lako la karani likiwa limevaa vazi jingine: kumuuliza msemaji ajithibitishe mwenyewe. Itumie, ukipenda, kukuorodheshea maswali ambayo hujayafikiria au kukufupishia waraka mrefu ambao utausoma pia kwa macho yako. Usiifanye shahidi.

Afadhali ujifunze tabia ya wahakiki wa habari. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Sam Wineburg na Sarah McGrew, mwaka 2017 walieleza jinsi walivyowachunguza watu 45 wakisoma tovuti wasizozijua: wanahistoria 10 wenye shahada ya uzamivu, wanafunzi 25 wa chuo hicho, na wahakiki wa habari 10. Wanahistoria na wanafunzi walibaki ndani ya tovuti, wakaisoma kutoka juu hadi chini, na mara nyingi wakashawishika na nembo nzuri na lugha ya kitaalamu. Wahakiki walikaa kidogo tu, kisha wakatoka, wakafungua kurasa nyingine kutafuta wengine wanasema nini kuhusu mwenye tovuti ile. Walisoma kidogo zaidi na wakajua zaidi. Nawe usiku ule uliitazama barua kwa muda mrefu, ukiichunguza mhuri wake, wakati majibu yote yalikuwa nje yake.

Kuhusu muda, nakiri kwamba ni mgumu, na wakati mwingine wanafunzi wanahitaji kusikia jambo kutoka kwenu kabla hamjamaliza kazi. Mnaweza kuchapisha kile tu mnachokijua kwa hakika: kwamba ipo barua inayosambaa, kwamba tovuti ya taasisi haina tangazo hilo hadi saa fulani, kwamba mmempigia msemaji na hajapokea, na kwamba chuo hakijapokea maelekezo yoyote. Kila sentensi hapo ni kweli na kila moja ingemsaidia yule binti kusubiri hadi asubuhi. Lakini msiirudie picha ya barua nzima na kuandika chini yake "hatujathibitisha", kwa maana wasomaji wataisambaza picha na kuyaacha maneno.

Sasa nakuja kwenye lililoniumiza zaidi katika barua yako, nalo si kosa lako bali ni kufutwa kwa habari kimyakimya. Namheshimu mhariri wako mkuu, na naelewa hofu yake, ila hapa amekosea. Habari ilisomwa, ikapigwa picha ya skrini, ikasambazwa kwa jina la jarida, na picha hizo zingalipo. Msomaji akirudi kwenye ukurasa wenu asikute kitu, hatajua kama habari ilikuwa ya uongo au kama mmetishwa mkaiondoa. Mwombeni arudishe ukurasa uleule, na mahali pa habari pawekwe sahihisho linalosema wazi mliandika nini, lini, kosa lilikuwa lipi, ukweli ni upi, na kwamba mnaomba radhi. Msilifiche chini ya habari nyingine. Liwekwe pia katika makundi yote ya WhatsApp mliyoitupia habari ya kwanza. Nakushauri muongeze sentensi mbili kueleza mlivyokosea, kwamba mliwauliza watu watatu waliokuwa wameona picha ileile, kwa sababu wasomaji wenu nao husambaza habari kila siku na hawana mhariri wa kuwazuia.

Usijiuzulu. Ukiondoka sasa, yale uliyojifunza kwa gharama ya watu wengine utaondoka nayo, na atakayeshika nafasi yako ataanza upya. Ila sahihisho liandike wewe, kwa jina lako, kama ulivyoiandika habari kwa jina lako. Nitumie rasimu yake ukipenda, nitaisoma siku hiyohiyo. Na kabla hujaliweka hewani, vuka korido, ubishe hodi kwa yule binti wa mwaka wa kwanza, umsomee mwenyewe. Kisha muulize majaribio yale mawili ni ya masomo gani, mwende pamoja kwa wahadhiri wake, nawe ueleze mbele yao kilichomfanya apande basi.